Sauti ya Pili ya Betri Mpya

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na Baba ameweka muziki kwenye oveni.

Nieleze vizuri, maana hata mimi ningesoma hivyo nisingeamini. Kabla sijazaliwa wazazi wangu walikuwa na bendi inayoitwa Betri Mpya. Baba gitaa na utunzi, Mama sauti, Nyundo ngoma, na mpiga besi mmoja ambaye alihamia mbali, siku hizi hutuma salamu tu. Walipiga pawapop: magitaa ya umeme yanayogonga kama mtu mwenye haraka, nyimbo fupi, na viitikio vitamu vya kukwama kichwani mpaka unapiga navyo mswaki. Albamu ya kwanza, Washa, redio ziliipiga kutwa. Ya pili, Washa Tena, ziliipiga kiasi. Ya tatu, Zima Ukitoka, haikutoka kabisa. Bendi ikafa, nikazaliwa mimi. Nyundo hunitania kwamba walibadilisha bendi kwa mtoto, na mpaka leo hajaamua kama waliwahi kufikiri vizuri.

Sasa kuna kampuni inataka kuzitoa upya zote tatu. Kanda zenyewe, zile kubwa za kuzunguka kama magurudumu, zilikuwa stoo kwa Fundi aliyewarekodi, na unyevu umeziingia. Ukizicheza hivyo hivyo zinanata na kuchubuka. Dawa yake ni kuzipasha kwa joto dogo kutwa nzima. Baada ya hapo zinakubali kucheza kwa muda, halafu zinarudia ugonjwa wao. Kwa hiyo Fundi amehamishia mitambo yake sebuleni kwetu, kwa sababu oveni ya Mama ndiyo pekee anayoiamini.

"Mtu asiguse hiki kitufe cha joto," Mama alisema. "Hata kama nyumba inaungua."

"Nyumba ikiungua, shemeji, kanda zitakuwa zimeiva," Nyundo akajibu.

Tumekula mkate wa dukani.

Jumatano, 5 Machi

Shuleni wananiita Ukuta. Leo mwalimu alinisimamisha nisome aya moja kwa lugha ile nyingine, ya masomo. Nilijua kila neno. Koo likafunga kama mfuniko wa chupa, nikasimama pale mpaka akasema, "Kaa, kaa tu, tutafika jioni." Darasa likacheka. Hapa naandika kwa lugha ya nyumbani. Ya shule naivaa kama sare, na sare hailaliwi.

Nilimwambia Mama. Akanijibu vile vile kama siku zote: "Jifanye uko peke yako, mwanangu. Mimi nilisimama mbele ya umati na sikufa." Ni kweli hakufa. Ana uso wa mtu aliyewahi kupigiwa makofi mengi. Mimi nimerithi pua yake tu.

Mama mdogo alikuwa mezani. Alinisogezea chumvi tu. Yeye ni mdogo wake Mama, anaishi nasi, na kazi yake ni kupiga picha za eksirei hospitalini. Siku nzima husema vuta pumzi, shika, achia. Nadhani akifika nyumbani maneno huwa yamemwishia. Nikiri jambo moja hapa ambalo siwezi kulisema kwa mdomo: mimi humwona kama kiti. Yupo, unapita, humfikirii. Na hofu yangu kubwa ni kwamba nitakua niwe yeye.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Soksi hazikauki. Oveni ina kanda.

Jumamosi, 8 Machi

Leo wamecheza Washa, kanda yenyewe ya asili. Kanda moja ina traki nyingi, kama barabara yenye njia zinazokwenda sambamba: ngoma ina njia yake, gitaa lake, sauti yake, na Fundi anaweza kupandisha moja na kushusha nyingine. Sauti ya Mama ina njia mbili. Ndiyo ilikuwa alama ya Betri Mpya: mwimbaji anaimba, halafu anaimba tena juu ya sauti yake mwenyewe, na zile mbili zikikaa pamoja zinang'aa kama bati jipya. Watangazaji walikuwa wakisema Mama ana makoo mawili.

Baba alipiga magoti mbele ya spika kama anamsikiliza mtoto mgonjwa. Nyundo alipiga ngoma kwenye mapaja yake mpaka akakohoa. Siku hizi anauza magodoro na pumzi yake imekuwa ya godoro.

Fundi alipopandisha sauti ya pili, Mama aliinuka kwenda kutazama oveni, ambayo haikuwa na kitu. Mama mdogo alikuwa ameshatoka zamani. Alisema anafuata sindano dukani. Kwenye mvua ile.

Jumatano, 12 Machi

Sokoni na Mama. Mzee mmoja wa vitunguu alimkazia macho, akacheka, akasema, "Nusu! Wewe si ndiye Nusu?" Mama akatabasamu, akachagua vitunguu vyake kimoja kimoja, akaaga kwa adabu. Njiani nikamuuliza Nusu ni nini.

"Mambo ya zamani. Funika hivyo vitunguu, vinalowa."

Jumamosi, 15 Machi

Nimeandika na kufuta mwanzo wa siku hii mara kadhaa. Basi niuandike tu.

Leo ilikuwa zamu ya Zima Ukitoka, ile ambayo haikutoka. Nyimbo za mwanzo zilipita salama. Fundi akasimamisha mtambo, akaenda jikoni kubishana na Mama juu ya joto. Baba na Nyundo walikuwa barazani. Nikabaki peke yangu na hedifoni, na kwa mara ya kwanza nikashika vile vitufe. Nikashusha ngoma. Nikashusha besi, gitaa, nikamshusha na Mama. Nikaacha sauti ya pili peke yake.

Kabla ya kuimba kulikuwa na kimya, na ndani ya kimya kile ulimi ukagonga kidogo, tk, kama mtu anayefungua mkoba. Halafu pumzi. Halafu sauti.

Ule mlio wa ulimi naujua. Nausikia kila asubuhi nje ya bafu kabla ya "Bado tu?" Mama mdogo hawezi kusema neno bila kwanza kugonga ulimi.

Sauti yenyewe ilikuwa nyembamba na safi, haina haraka. Nilikuwa nadhani inamfuata Mama. Ukiisikia peke yake unajua haimfuati. Inafika kwenye kila noti na kumshikia mlango.

Sikumwambia mtu. Fundi alirudi, tukaenda mpaka wimbo wa mwisho, wenye jina la albamu. Pale kanda ikalia vibaya. Akasimamisha, akafungua, akaonyesha ukingo: unga wa kahawia umebaki kwenye mtambo kama kutu. Traki ya sauti ya pili imechubuka yote kwenye wimbo ule. Nyingine zimebaki.

"Bila hiyo wimbo haupo," Baba akasema.

"Basi si shemeji mdogo..." Nyundo akaanza.

"Nyundo."

"Nimenyamaza."

"Nitaimba mimi," Mama akasema. Hakuna aliyemtazama usoni. Kumbe wote wanajua.

Jumapili, 16 Machi

Mama amejaribu asubuhi mpaka mchana. Sauti yake juu ya sauti yake ni kitambaa kilichokunjwa mara mbili: kimekuwa kizito, hakijawa kipana. Mama mdogo alikuwa chumbani anapiga pasi sare ambayo alikuwa ameshaipiga.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Nimemtazama Mama akicheka na jirani, nikawaza: mwizi.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemtazama tena. Neno ni lile lile.

Jumamosi, 22 Machi

Mimi, Ukuta, nimeongea leo. Natamani ningekufa bubu.

Kampuni ilimtuma dada mmoja kuwahoji, mchangamfu, viatu vimejaa tope na haoni shida. Aliweka kinasa sauti mezani, taa yake nyekundu ikawaka. Baba akasimulia gitaa la kwanza, Nyundo akasimulia siku ngoma ilipodondoka jukwaani ikaviringika mpaka kwa mheshimiwa fulani. Tukacheka. Mama mdogo alitoka zamu ya asubuhi, akapita jikoni, akaleta chai kwenye sinia. Hakuna aliyemwomba.

"Dada," yule wa kampuni akamwambia Mama, "niambie siri. Zile sauti mbili ulizifanyaje?"

"Hakuna siri, mdogo wangu. Unaimba mara moja, unarudia. Ni mazoezi tu."

Alisema vizuri sana. Kwa wepesi, kama mtu anayesema jina lake. Na Mama mdogo alikuwa amesimama pale pale nyuma yake, ameshika sinia, anangoja nafasi ya kuweka vikombe.

"Si yeye," nikasema.

Sauti yangu ilitoka kubwa. Sikuwahi kujua ni kubwa hivyo.

"Sauti ya pili si ya Mama. Ni ya Mama mdogo. Nimeisikia. Mmemficha miaka yote mnamfanya kama... kama kiti!"

Neno langu mwenyewe, nikamtupia Mama.

Mama mdogo aliweka sinia chini taratibu, hata kijiko hakikulia. Ulimi ukagonga, tk, na baada ya hapo halikuja neno. Akatoka. Mwavuli ukabaki mlangoni.

Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka. Baba akanyoosha mkono, akaizima.

"Umemaliza?" Mama akaniuliza.

Jumapili, 23 Machi

Mama mdogo hakurudi. Amechukua zamu za wenzake, analala kwa rafiki yake muuguzi kwenye nyumba za hospitali. Baba alipeleka mwavuli, akarudi bila mwavuli na bila habari.

Mchana Mama aliniita jikoni. Alikuwa anafuta oveni ambayo haikuwa chafu.

"Kaa. Unadhani nilimwibia mdogo wangu."

Nikavuta kigoda, nikakaa.

"Sikulaumu. Ningekuwa wewe ningedhani hivyo." Akakamua kitambaa. "Alipanda jukwaani mara moja. Tulikuwa wasichana, ukumbi wa shule. Akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Watu wakacheka. Kuna kicheko kinachoisha, mwanangu, na kuna kile ambacho mtu anarudi nacho nyumbani. Nikashuka naye, nikamfuta uso kwa gauni langu. Tulipokuja kuanza bendi akaniambia: dada, nitakuimbia kwenye kanda mpaka nizeeke, lakini asijue mtu, maana wakijua watataka nisimame. Nikaapa. Baba yako akaapa. Fundi, Nyundo, wote."

"Nyundo?"

"Ndiyo, na mdomo wake ule. Ndipo ujue tulivyompenda."

"Lakini ulijisifu, Mama. Makoo mawili."

"Nilijisifu?" Akaacha kufuta. "Wewe unajua walichokuwa wakiniita?"

Akanieleza. Baada ya Washa walianza kuzunguka miji, mdogo wake akibaki nyumbani. Watu walikuja kusikia zile sauti mbili za redioni, wakaikuta moja. Kwanza walinong'ona. Halafu siku moja mtu akapiga kelele kutoka nyuma, "Nusu!", ukumbi mzima ukadaka. Mji wa pili walikuja wamejiandaa. Nusu, nusu, kwa makofi, juu ya mdundo wa Nyundo mwenyewe. Walisema kwenye kanda ni ujanja wa mitambo, mwenyewe hajui kuimba. Walijaribu kumpata msichana mwingine wa kusimama naye. "Alikuwa mzuri. Lakini kila alipofungua kinywa nilisikia mahali pa mdogo wangu pamekaliwa."

"Kwa nini hukuwaambia ukweli?"

Mama alinitazama kama nimemwuliza kwa ile lugha ya shule.

"Si nilikuwa nimeapa."

Ndivyo bendi ilivyokufa, kabla albamu ya tatu haijatoka. Mama alikataa kupanda jukwaani, na hakusema kwa nini.

"Na yeye anajua?"

"Anajua niliacha kwa sababu ulikuwa tumboni. Ibaki hivyo. Angejua kwamba kimya chake ndicho kilichoniangusha, angejibebesha mpaka kaburini."

Kwa hiyo sikuiua bendi. Nilikuwa kisingizio. Sijui kwa nini nimelia, maana ni habari njema.

Jumanne, 25 Machi

Mvua imebomoa ukuta wa jirani. Darasani wamepata cha kusema.

Alhamisi, 27 Machi

Nimekwenda hospitali baada ya masomo, sare imelowa. Nilikaa kwenye benchi la eksirei kati ya bwana mwenye mkono uliofungwa na mama mwenye mtoto anayekohoa. Kupitia mlangoni nilimsikia kila mara: "Vuta pumzi. Shika. Achia." Sijawahi kumsikiliza. Hasemi kama amri. Anasema kama anashikilia ngazi wewe upande. Mtoto aliyekuwa analia alinyamaza kwenye "shika".

Benchi lilipokwisha watu akatoka, akanikuta.

"Umevunjika wapi?"

"Shikamoo, Mama mdogo. Sijavunjika."

"Marahaba. Basi ingia, unalowesha sakafu ya watu."

Chumba ni cha baridi na mlango wake mzito. Nilikuwa nimeandaa hotuba njia nzima. Nikasema tu, "Nisamehe. Nilidhani nakutetea."

Ulimi ukagonga. "Ulinitetea kwa nani? Nilikuwa naleta chai."

Nikacheka bila kutaka. Yeye pia, kidogo, kisha akakaa kwenye kiti cha wagonjwa.

"Unajua inavyokuwa," akasema. "Mtu akikutazama, koo linafunga."

"Kama mfuniko."

"Kama mfuniko. Lakini kukiwa na sauti ya mtu mwingine mbele, na mimi niko nyuma yake, hakuna anayenitazama. Dada anabeba macho yote. Pale ninafunguka. Ile ilikuwa raha yangu, we mtoto. Hamkunificha. Nilikuwa nimejificha vizuri."

Mvua iliongezeka juu ya bati. Akaniuliza, macho yakiwa kwenye mashine, "Dada aliacha kuimba kwa sababu ya mimba. Siyo?"

Mdomo wangu ulikuwa umeshaharibu vya kutosha. Nikashika pumzi. Nikatazama sakafu.

"Nitazame."

Nikamtazama. Sikusema kitu, naapa. Lakini alikaa ananiangalia kwa muda mrefu, jicho likitembea usoni pangu kama linavyotembea kwenye zile picha zake nyeusi.

"Kuna mzee wa vitunguu sokoni," akasema polepole. "Amewahi kuniuliza: wewe si ndugu yake Nusu? Nikadhani amenichanganya na watu. Nusu. Nusu ya nini?" Kisha akajifunika mdomo kwa kiganja.

"Mama mdogo, mimi sijasema..."

"Hujasema. Kazi yangu ni kuona ndani ya watu ambao hawasemi." Akajifuta macho kwa mkono wa koti jeupe. "Walimwita hivyo mbele za watu? Na yeye akanyamaza?"

Nikaitikia kwa kichwa. Hiyo, nadhani, ni kusema.

Alinifungulia mlango mzito. Nilipokuwa koridoni akaniita.

"Mwambie Fundi apashe ile kanda."

Ijumaa, 4 Aprili

Amerudi na mwavuli. Yeye na Mama walifungiana jikoni. Nilisikia kulia, kisha kugombana, kisha vicheko vya wasichana ambao sijawahi kukutana nao. Kanda iko kwenye oveni. Mkate wa dukani.

Jumamosi, 5 Aprili

Masharti yake: ataimba koridoni, mgongo kwa sebule, na wote waliomo ndani wageukie ukuta. Kwa hiyo leo nimewaona Baba, Nyundo na Fundi wamesimama mbele ya ukuta wa sebule kama wanafunzi waliokamatwa wakivuta sigara. Fundi alikuwa anatafuta vitufe kwa kupapasa nyuma yake.

"Nikirudi kuuza magodoro sitaeleza leo nilikuwa wapi," Nyundo akaambia ukuta.

"Shh."

Mama alikaa chini karibu na mlango, macho amefumba. Mama mdogo aliomba mimi nisimame naye koridoni, mgongo kwa mgongo. Nilisikia mifupa yake kupitia gauni. Hedifoni zilimvuja kidogo, nikawa nasikia: magitaa, ngoma, na Mama wa zamani anaimba, zima ukitoka, niachie giza langu, lisiloniuliza nimelia na nani.

Mahali pake pakafika. Pakapita. Hakuna kitu.

Fundi akarudisha nyuma. Pakafika tena, mgongo wake ukawa mgumu kama mlango. Hakuna.

"Imeanza kunata," Fundi akasema kwa sauti ya chini. "Tuna mara moja. Labda."

Hakuna aliyesema jikaze. Namshukuru kila mmoja wao kwa hilo. Kanda ikaanza. Magitaa, ngoma, Mama. Nilihisi mgongo ukianza kutetemeka, na nikajua hasa kilichokuwa kooni mwake, kwa sababu kinaishi pia kooni mwangu. Nikafungua mdomo.

"Vuta pumzi," nikasema.

Mbavu zikapanuka dhidi ya mbavu zangu.

"Shika."

Mahali pake pakafika.

"Achia."

Tk. Na sauti ikatoka. Si ile nyembamba ya zamani. Imezeeka kidogo, ina punje punje pembeni, lakini ilikwenda moja kwa moja kwa dada yake na kumshikia mlango kama vile haijawahi kuondoka. Mama alilia bila sauti, ili asiharibu. Ukutani, mabega ya Nyundo yalikuwa yanaruka.

Ilipokwisha hakuna aliyegeuka mpaka aliporuhusu.

"Nzuri," Fundi akasema, akipenga kamasi. "Ila sauti ya mtoto imeingia mwanzoni mwa traki. Naweza kuikata."

"Ukiikata," Mama akasema, "nakukata wewe."

Jumatano, 16 Aprili

Dada wa kampuni alipiga simu. Alisema ile sehemu ya mahojiano amekaa nayo, hajampa mtu, anangoja ruhusa. Baba akampa Mama simu, Mama akampa mdogo wake.

Tk. "Andika sauti ni za dada wawili. Jina langu weka. Picha, hapana."

Ijumaa, 25 Aprili

Nimesoma aya nzima darasani, nikitazama dirisha. Aya ilikuwa fupi.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua imeisha, nadhani. Soksi zimekauka. Mama ameoka mkate.

Tulikuwa mezani redio ilipoanza kuucheza wimbo. Kwanza magitaa, kisha sauti ya msichana mmoja akisema vuta pumzi, nikaingiza kichwa ndani ya blauzi. Mtangazaji alikuwa ametaja majina yote mawili, la Mama na la mdogo wake, moja baada ya jingine, bila kukosea.

Mama mdogo aliinuka kimya, akatoka. Nikadhani amekimbia. Mama akaanza kuimba juu ya redio, taratibu, kijiko mkononi, huku akiangalia sahani yake. Alipofika kwenye kiitikio, nyuma yangu, kutoka koridoni, nikasikia ulimi ukigonga.

Sikugeuka.